Nilivyomtafutia Avelina Mateso

Jumatatu, 3 Machi 2025. Nyamiaga.
Nimeamua. Naandika riwaya! Jirani yetu, Mwalimu Ernesta, kaandika yake, na nani aliichapa? Mimi, Kazimili, dukani kwangu, kwa vidole viwili, kurasa mia mbili na kumi. Sasa wanawake wa sokoni wanaazimana mpaka jalada limechanika. Jana kanisani mama mmoja alimshika Ernesta mkono akalia, akasema, "Yule shujaa wa kitabuni ni mimi kabisa." Mimi hakuna aliyenishika hata kiwiko. Na siri ya kitabu naijua: mwanamke anapata tabu, anainuka, anapata tabu kubwa zaidi, anainuka tena. Basi! Ila wasomaji wanataka jina la mwanamke juu ya jalada. Nitatumia la mke wangu, Avelina. Hana haja ya kujua.

Jumanne, 4 Machi.
Ukurasa wa pili. Nimekwama. Shujaa wangu kaamka alfajiri. Halafu? Miaka kumi na tisa ya ndoa, na sijui mwanamke akishaamka hufanya nini mpaka chakula kinatokea. Nimemuuliza Avelina kama ana mateso yoyote. Kaniuliza kama nina homa.

Alhamisi, 6 Machi.
Kosa nimeliona: Avelina hana mateso ya kutosha. Lazima nimtafutie. Jana nilimwambia wageni wanane wa kwetu Shinyanga wanakuja kula. Nikakaa na daftari nikisubiri machozi. Kapika ndizi na maharage, masufuria mawili, kisha akaenda shambani kama kawaida. Wageni hawakuja, bila shaka. Chakula akawagawia watu wa jumuiya ya kanisani, wakamwombea baraka. Nikaandika: hakulia. Hasara gani hii!
Leo nimelificha jembe lake dukani, nyuma ya makasha ya karatasi. Mvua imeanza na kila mtu anapanda maharage. Hapo atalia tu.

Ijumaa, 7 Machi.
Hakulia! Alilitafuta jembe nyumba nzima, kisha akaniuliza kwa upole kama nimelichukua mimi. Nikasema ndiyo, nikatabasamu. Akajifunga kitenge, akachukua begi, akapanda bodaboda kwenda kwao Murukulazo.
Ernesta kaja dukani amefura. Kumbe lile jembe Avelina alipewa na baba yake siku ya kuolewa, na katika ukoo wao mume akiliondoa jembe la mkewe amemwambia rudi kwenu. Hakuna aliyeniambia! Ernesta anasema nilitangaziwa mbele ya harusi nzima. Inawezekana. Siku hiyo nilikuwa natazama ng'ombe wetu wa mahari wakikaguliwa. Msukuma hawezi kutazama vitu viwili.
Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimemkumbuka kabla hata jua halijazama, na nimeumia kweli. Nimeliandika hilo, huenda likafaa sura ya tano.

Jumapili, 9 Machi.
Nimekwenda kumrudisha. Mtu haendi ukweni mikono mitupu, basi nikabeba jembe na dumu la pombe ya ndizi. Shikamoo, baba. Marahaba, kasema baba mkwe, Mzee Celestini, kisha akanikumbusha kwamba ni Kwaresima na nyumba yake yote imeacha pombe mpaka Pasaka. Dumu likabaki katikati yetu, na mimi nikabaki nalitazama.
Wazee wakataka nitaje kosa langu kwa mdomo wangu. Nikasema ukweli: nilitaka ateseke kidogo, kwa ajili ya fasihi. Bibi mmoja akauliza fasihi ni ugonjwa gani, na kama unaambukiza.
Avelina alikuwa na daftari mapajani. Ernesta kampa. Anaandika, yeye! Nilipochungulia akalifunga. Akaniuliza jambo moja tu: huyo mwanamke wangu wa kitabuni, mwishoni anafanya nini? Nikajibu kwa fahari kwamba anavumilia yote na kubaki na mumewe, maana anampenda. Wanawake wakaangua kicheko, mama mkwe akashika mbavu. Avelina hakucheka. Alisema mwanamke wa daftari lake pia anampenda mumewe, lakini miguu anayo.
Sharti lake: nipande shamba lote la maharage mwenyewe, kwa jembe hilohilo. Nikimaliza, atarudi. Nikimchezea tena, nisihangaike kubeba dumu lingine.

Jumatano, 12 Machi.
Mistari sita tangu Jumatatu. Malengelenge viganja vyote! Mgongo haunyooki. Wanawake wakipita njiani wananipa pole huku wameziba midomo. Na hapo ndipo wazo liliponijia, katikati ya shamba. Nani amewahi kuteseka hivi? Nani anainuka kila asubuhi? Mimi! Riwaya mpya: mwanamume jasiri aliyeachwa na mke mwandishi. Lakini mtu mwenye mikono kama hii atashika kalamu saa ngapi, na shamba bado?
Nimechimba shimo moja refu nyuma ya mgomba. Mbegu zote zilizobaki nimezimimina humo, nikafukia, nikasawazisha vizuri. Nikampigia Avelina kwamba shamba limekwisha. Akauliza kama ni lote. Lote, nikasema. Sauti yake ikalainika. Kasema hakutegemea, na kwamba Jumamosi anarudi. Nimefurahi mpaka machozi yamenitoka, si ya kitabuni.
Nasikia maharage huchukua kama wiki moja kuchipua. Hadi hapo nitakuwa nimefika sura ya nne, na nani ataanza kuhesabu mistari?