Mgeni Aitwaye Tarantara

Lesian, Mpiga Tarumbeta Namba Moja,
Ngarenaro, Arusha.

Kwa Baba Mkubwa Eliamini,
Mwenyekiti wa kamati zote za harusi za ukoo.

Shikamoo Baba Mkubwa.

YAH: KUPOKONYWA TARUMBETA KWA KOSA LA MTU MWINGINE

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa zimebaki chache. Jumamosi hii kaka Gadiel anaoa kule Olasiti, na kamati yako imeamua tarumbeta langu apewe Peter, mimi nibebe kreti za soda. Eti kwa sababu niliharibu harusi ya dada Diana. Baba Mkubwa, Peter akipuliza, ng'ombe wa jirani yetu Lesikar wanadhani mwenzao anachinjwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ratiba ya harusi ya Diana iliandikwa: "Saa kumi kamili: TARANTARA." Basi, hakuna maelezo. Tarantara ndiye nani? Mimi nimesoma mpaka kidato cha pili, tena na nusu, na sijawahi kukutana naye.

2. MC naye, badala ya kuuliza, akashika maiki: "Wapendwa, tusimame tumpokee mgeni wetu, Bwana Tarantara!" Ukumbi mzima ukasimama. Wewe mwenyewe ulifunga kifungo cha koti, nilikuona. Mama Mkubwa Kaanaeli akaagiza mgeni atengewe kiti meza kuu. Sisi wa matarumbeta tukakaa kimya kwa adabu tukimsubiri atokee. Kumbe Diana yuko mlangoni na shela lake anatusubiri sisi tupulize ndipo aingie. Dakika ishirini! Alipoingia, wanja ulikuwa umefika kidevuni.

3. Ndipo tukaambiwa tarantara ni Kiingereza, yaani mlio wa tarumbeta na ngoma. Nauliza, tarumbeta gani hilo? Nimepuliza miaka minne, kipaimara mpaka mahafali. Tarumbeta linasema "pe-pe-peee", ngoma ya mwenzetu Godwin inajibu "ndu! ndu!" Halijawahi kusema tara, wala ntara. Hao Waingereza walisimama mbali, au waliziba masikio.

4. Aliyeingiza neno hilo kwenye ratiba ni mshamba anayejifanya msomi, anatafuna kamusi kama mbuzi aliyeokota gazeti. Atafutwe. Akipatikana asiguse tarumbeta tena, abebe kreti harusi tatu mfululizo, na amwombe Diana radhi mbele ya usharika mzima, kwa Kiingereza hichohicho.

5. Hili si lalamiko, ni ushauri tu: Peter alirudishe tarumbeta langu kabla hajalijaza mate.

Msalimie Mama Mkubwa, msalimie bwana harusi mtarajiwa, na Diana pia kama ameanza kutaja jina langu bila kusonya. Wote nyumbani nawasalimu, kasoro MC.

Ni mimi niliyeonewa,
Lesian.

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimepita kwa Nice, yule dada aliyechapa ratiba pale Kijenge, nichukue ile karatasi ya ratiba iliyoandikwa kwa mkono mliyonituma nimpelekee, iwe ushahidi. Neno "Matarumbeta" limekatwa kwa kalamu, na juu yake limeandikwa "Tarantara". Mwandiko ni wangu. Sasa nimekumbuka: siku ile Nice aliniuliza kama najua Kiingereza, na kamusi ilikuwa hapo mezani. Baba Mkubwa, naomba namba nne uiruke. Kreti ni ngapi?