Nazi za Bi Turkiya

Jumatatu, 15 Septemba
Mkwaruzo wa nazi kwenye mbuzi. Sauti hiyo haijanitoka masikioni. Hanne, binti kutoka Denmaki anayejitolea kwenye chekechea ninayofundisha, alikuwa uani kwetu akikuna nazi. Akasema, bila hata kuinua kichwa, kwamba amelipa ili aje. Amelipa afanye kazi. Nikamwomba arudie nikidhani Kiingereza changu kina hitilafu. Amelipa. Mimi na shahada yangu najitolea pale tangu Januari kwa kikombe cha uji.

Jumatano, 17 Septemba
Jirani yetu Bi Turkiya anamwoza binti yake Bayan keshokutwa. Akina mama wa mtaa wote watakwenda kumenya na kukuna, kama kawaida yetu hapa Chumbageni, na wiki ijayo hao hao waje kwetu kumpikia dada Bertha harusi yake. Bure kabisa. Hawa watu hawajui wamekalia nini. Nimemwambia Hanne alete wenzake wawili, kwa mchango. Kauliza kama kuna cheti. Nikasema kipo. Sasa kipo.

Ijumaa, 19 Septemba
Siamini bado. Wageni walikuna vizuri, akina mama wakiwatania. Kisha Hanne, kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, akamshukuru Bi Turkiya kwa bei nafuu. Bi Turkiya akaniuliza taratibu, "Imakulata mwanangu, mtu kaja kunisaidia, wewe ukamlipisha mlangoni kwangu?" Nyuma yake mmoja akasema, "Na sie tulipie wapi, shoga?" Nimerudisha fedha zote mbele ya sufuria ya pilau.

Jumapili, 21 Septemba
Hakuna anayekuja kwa Bertha. Huyu mgongo, yule goti; mtaa umeugua ghafla. Bertha analia, anauliza atapikiwa na nani. Mama kaamuru nipite nyumba kwa nyumba nikaombe radhi, nianze na shikamoo ya Bi Turkiya. Nimetafakari misa nzima. Kosa nimeliona, na limenishtua: nililipisha wageni peke yao. Ule ni ubaguzi. Nimeshatuma tangazo kwenye kundi la simu la mtaa. Kukuna nazi harusini kwa Bertha, cheti kipo. Majirani nusu bei.