Printa Isiyokunywa Wino

Lugano alimwona Bi Rehana akiichoma katriji kwa bomba la sindano lenye wino, akisonya, akiichoma tena, na moyo wake ukajaa huruma. Huruma ya Lugano, jamani, huwa inaanzia kwenye mali ya mtu. Ndani ya steshenari ile ya Tukuyu mlikuwa na kompyuta mpya kabisa, skrini pana kama sinia la pilau, na mwenye duka aliyeusema wino kama mtu anayemsema wifi yake.

Kesho yake akaingia na lidude jeusi kwapani.

"Shikamoo, Bi Rehana. Bado unahangaika na wino? Wenzako Mbeya wameshausahau. Printa hii hainywi hata tone. Inachoma herufi kwa miale."

"Marahaba. Miale ya nini?"

"Ya kisasa."

Mtaalamu akishasema hivyo, nani abishe? Lugano akachomeka waya, akaunganisha kompyuta yake mpakato, akagongagonga kibodi na kusukuma kipanya huku na huko kwa mbwembwe, na kidole kimoja kikazungusha kigurudumu kilichofichwa nyuma ya lidude. Karatasi ikatoka na maandishi safi. Ilikuwa imechapwa tangu jana, kwa printa inayokunywa wino kama wenzake.

"Nikuachie hii, unipe hiyo kompyuta yako. Nakuonea huruma tu, mama yangu."

Bi Rehana akaitupia jicho soketi ya ukutani. Swichi ilikuwa imezimwa. Akatabasamu kwa adabu zote alizorithi kwa bibi yake wa Pangani.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Tungoje kazi tuijaribu."

Kazi ikaja yenyewe. Mzee Ambindwile wa Matwebe aliingia na koti lililolowa mvua, flashi mkononi. Walikuwa na msiba, mazishi ni jioni hiyo hiyo, na ratiba yenye picha ya marehemu ilikuwa humo ndani ya flashi.

"Mchapie mzee," Bi Rehana akasema.

Lugano akalipapasa lidude kama anayempima mtoto homa. "Shida ni baridi ya huku. Hii imezoea Dar. Lazima ipate joto kwanza, kama saa mbili hivi."

"Wewe si mtoto wa Masukulu?" Mzee akamkazia macho. "Kijana mzima unakaa kungoja mashine, na kaburi la watu halijachimbwa? Saa mbili zinatosha. Twende."

Mtu wa Rungwe anaweza kukataa mengi, lakini akikataa jembe la msibani ajiandae kujizika mwenyewe. Lugano akapima: kuchimba au kuchapa? Kuchimba kulikuwa na nafuu. Kilichomuuma ni kompyuta yake mpakato, maana humo ndimo yalimokaa maisha yake: mihuri, vyeti, barua za wizara ambazo wizara hazijawahi kuziona. Bila hiyo, angerudi kulima migomba ya baba yake. Akanyoosha mkono aichukue.

"Iache," Bi Rehana akamwambia kwa upole. "Ukiichomoa, printa si itapoa?"

Akaiacha. Afanyeje?

Alichimba kwenye mvua hadi viganja vikachubuka. Alikuwa bado shimoni, akisawazisha kuta, waombolezaji walipofika na ratiba mikononi, zimechapwa vizuri, kwa wino. Mzee Ambindwile akaanza kutangaza rambirambi.

"Fundi Lugano, huyo mnayemwona shimoni, kwa mkono wa Bi Rehana: kompyuta mpakato, wasomee watoto wa marehemu."

"Ndaga fijo," wazee wakashukuru kwa pamoja, kwa Kinyakyusa. Mjane akalia upya kwa shukrani.

Lugano akamtafuta Bi Rehana kwa macho. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio, majonzi matupu. Roho ilimuuma Lugano kuliko viganja. Lakini aseme nini mbele ya jeneza? Kwamba aliiacha ipashe printa joto?

Neema, binti wa marehemu, akasogea ukingoni na kompyuta chini ya mwavuli. "Kaka, samahani. Inaomba nywila."

Watu wote wakatega masikio.

"Wajinga ndio waliwao," Lugano akajibu kutoka shimoni. "Herufi ndogo, usiache nafasi."