Bangili ya Shaba kwa Moyo wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Makubwa! Daktari kamwambia baba mkwe, fundi cherehani mstaafu, kwamba kwa moyo wake ulivyo dhaifu asiishi tena peke yake. Atahamia kwa mmoja wa wakwe zake. Tuko wawili: mimi fundi umeme, na mwanyumba wangu, muuza nyama aliyemuoa shemeji yangu. Mzee ataamua Jumapili. Sikufichi, shajara, nampenda mzee yule. Ndiye pekee katika ukoo ule anayecheka vichekesho vyangu. Akienda kwa yule mwenye bucha nitaugua.

Jumanne, 4 Juni
Mungu hamtupi mja wake! Niko juu ya ngazi kwa mteja, redio inaongea sebuleni. Daktari mmoja redioni anasema mwili unahitaji shaba: moyo unafanya kazi vizuri, kuta za mishipa ya damu zinakuwa imara. Akasema sasa anaeleza tunaipata wapi. Kimya! Nani kazima umeme? Mimi mwenyewe, kwenye swichi kuu, nibadilishe soketi. Si kitu. Shaba najua ilipo. Nina roli mbili stoo.

Jumatano, 5 Juni
Nimesokota bangili ya waya wa shaba. Mzee kavaa, kasema imependeza. Mara mwanyumba huyo, na fungu lake la maini, kujipendekeza kama kawaida. Kauliza mzee anaunganishwa kwenye mita gani. Wote wakacheka, mke wangu kuwashinda wote. Haya, cheka!

Alhamisi, 6 Juni
Mkono wa mzee umekuwa kijani. Nikamwambia ndiyo ugonjwa unatoka. Mke wangu kaivua bangili na kusema fyuzi ya kichwani mwangu iliungua siku nyingi. Ananionea. Ila kosa nimeliona: shaba iko nje, mishipa iko ndani! Nimeloweka vipande vya waya kwenye maji ya ndimu.

Ijumaa, 7 Juni
Maji yamegeuka rangi, kijani kwa mbali. Yanavutia! Lakini siwezi kumpa mzee kitu ambacho sijakionja, mimi si mjinga. Nimekunywa glasi mbili.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetapika mpaka nikamwita marehemu mama. Zahanati. Daktari kauliza nimekunywa nini. Nikamwambia. Akamwita muuguzi aje asikie naye. Kisha akanieleza taratibu, kama mtoto: shaba ya mwili inatoka kwenye chakula, kidogo kidogo. Maini, korosho, dengu, mbegu. Waya si chakula, na shaba ikizidi ni sumu. Akaongeza kwamba hata wanaomeza vidonge vingi vya zinki hujiharibia, maana zinki huizuia shaba isiingie mwilini.

Mzee alikaa kando ya kitanda changu saa nzima, kanishika mkono. Kasema zile glasi mbili zingekuwa zake, leo tungekuwa tunachimba kaburi. Nililia. Niliona haya hadi nikajifunika shuka usoni.

Jumapili, 9 Juni
Mzee kaamua: anaenda kwa muuza nyama. Kanivuta pembeni, kaniita mwanangu, kasema ananipenda mno ila moyo wake hauyawezi mapenzi yangu. Nimekubali kiume. Kumbe mwanyumba alikuwa anampa shaba wiki nzima bila kujua, bahati ya mtu yule!

Nimebeba mizigo mwenyewe hadi kwa mwanyumba. Nimetandika kitanda cha mzee, nikajilaza kidogo kupima godoro. Nikatazama juu. Hakuna dari! Mabati matupu, mapya, yanang'aa. Na fundi gani asiyejua bati hupakwa nini? Zinki!

Mzee wa watu atalala chini ya zinki usiku kucha, maini yote yale bure! Na katika ukoo mzima hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi. Mke wangu kauliza mbona nimenyamaza. Nimemwambia nimeshapata akili, nimetulia. Kesho mwanyumba akishafungua bucha, naenda na ngazi. Naanza na bati la juu ya kitanda.