Mzee Ezekieli Anapokea Simu

Jumatatu, 7 Mei 2012

Nina bima ya mazishi ya mke. Mke sina! Nina bima ya mazishi ya baba mkwe na mama mkwe vilevile, na majeneza yao yana vishikio vya shaba. Nimegundua leo benki. Nikapigia kampuni kulalamika. Dada mmoja akanisikilizisha sauti iliyorekodiwa: mwanamume anasema ndiyo kwa Kiingereza, mara saba, mdomo umejaa chakula. Sauti yangu. Walinipigia mwezi uliopita nikiwa nakula, nikawa naitikia tu kwa adabu. Kumbe kwao ukitamka ndiyo umeshatia sahihi.

Kosa la pili: kumsimulia Cédric. Huyu Cédric yuko kiwanda cha rangi huko Jacobs, hapahapa Durban, anaimba nami kwaya, na ana gari dogo jekundu ambalo huliosha mbele ya kanisa ili lionekane. Kufika jioni kwaya nzima inanipa pole ya msiba wa mama mkwe. Cédric akawaeleza kwamba yeye wakimpigia husema hapana asante, anakata. Wote wakatikisa vichwa, eti ana busara. Tangu lini kukata simu kukawa busara?

Estella naye alicheka. Estella akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, kwa hiyo sikukasirika sana. Anasuka nywele saluni moja ya Overport. Barua yangu ya kumposa iko kwa baba yake mdogo, Mzee Nimbona, Queensburgh, tangu Pasaka. Jumapili hii nimeitwa nikasikie jibu. Cédric anajua. Ndiyo maana anaosha gari.

Jumatano, 9 Mei

Nimepata dawa!

Kukata simu ni kazi ya waoga. Mtu mwenye akili anawalisha uongo mpaka wavimbiwe. Na mimi ni mtu wa simu. Dukani kazi yangu ni kutengeneza simu na kusajili laini. Kutwa nauliza wateja jina, kitambulisho, wanaishi wapi, na wananiangalia kama mwizi. Mchezo huu naujua pande zote mbili.

Basi nimemwumba mtu. Anaitwa Mzee Ezekieli. Miaka sabini na moja. Kazi hana. Goti bovu. Wake wawili, mmoja yuko kambini Tanzania, mwingine hapahapa Durban. Watoto kumi na mmoja. Alifungwa kwa wizi wa mbuzi. Nimemwandika nyuma ya daftari hili nisije nikajichanganya. Kuanzia leo kampuni yoyote ikipiga, anayepokea ni yeye.

Alhamisi, 10 Mei

Wamepiga wawili! Wa kwanza dada wa kadi za mkopo. Ezekieli akampa umri, akampa wake, alipofika kwenye jela dada akamtakia siku njema. Wa pili alikuwa anauza uanachama wa ukumbi wa mazoezi. Huyo goti lilimtosha.

Ezekieli mbili, kampuni sifuri. Nimemweleza Cédric. Akauliza kwa nini nisikate tu. Wivu.

Ijumaa, 11 Mei

Hii lazima niiandike yote.

Saa nane mchana, namba ya Pretoria. Mwanamume, sauti ya ofisini, akauliza kama anaongea na Vénérand. Kwa Kiswahili! Tena Kiswahili cha Mrundi, cha polepole, kila neno limepigwa pasi. Nikaelewa papo hapo. Kampuni zimeona Kiingereza hakitunasi vizuri, sasa zimeajiri watu wetu. Nimewavulia kofia. Akasema anapiga kuhusu ombi langu. Ombi! Wote huanza na ombi ambalo hukuomba. Akataka kujitambulisha, sikumpa nafasi. Ukiwaacha wajitambulishe wanakuzoea.

Nikamwambia Vénérand ni jina la kujifichia tu hapa Durban, jina langu halisi ni Ezekieli. Nikasikia karatasi inageuzwa. Akauliza umri, nikampa. Akauliza kama nimewahi kuoa. Nikampa wale wawili, kisha nikaongeza kwamba natafuta wa tatu, mwenye mshahara. Hilo lilikuja lenyewe, halikuwemo daftarini. Akauliza kuhusu kanisa, nikasema huwa naenda siku za chakula. Akauliza kama kuna ugonjwa katika ukoo. Nikamuuliza kama ana karatasi ya kutosha.

Dakika ishirini na hakukata! Mwishoni akanishukuru kwa kusema kweli, sauti imepoa kabisa. Nilimwonea huruma kidogo. Tatu bila.

Jumapili, 13 Mei

Afadhali nisingekwenda Queensburgh.

Nilivaa shati jipya la zambarau. Wazee wa ukoo sina hapa Durban, kwa hiyo nilikwenda Queensburgh na Pasta Apollinaire wa kanisa letu awe msemaji wangu. Alisema vizuri sana, Kifaransa kidogo, Kiswahili kingi, akanisifu mpaka nikaona haya. Mzee Nimbona akatupa Fanta. Kisha akasema kwao jibu halitolewi kabla mjomba wa binti hajafanya uchunguzi wake. Mjomba wa Estella anaitwa Juvénal. Alikuwa karani wa serikali huko Burundi, ofisi ya komine, miaka ishirini na sita. Sasa anaishi Pretoria.

Pretoria. Nikaiweka Fanta chini.

Mzee Nimbona akavaa miwani, akafungua karatasi iliyotumwa kwa faksi, akasoma. Mwombaji anaitwa Ezekieli, Vénérand ni jina la kujifichia. Pasta akanigeukia. Umri sabini na moja. Hapo Mzee akaniangalia juu ya miwani, akasema nimejitunza. Alipofika kwenye mbuzi, shangazi aliyekaa karibu yangu akahamishia mkoba wake upande wa pili. Alipofika kwenye mke wa tatu mwenye mshahara, jikoni sahani ikaanguka ikavunjika. Estella ndiye alikuwa jikoni.

Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Mzee Nimbona akauliza kwa upole kama huwa nadanganya kwa starehe au ndiyo kazi. Pasta akaomba tufunge kwa sala. Akasali muda mrefu, waongo akawataja mara mbili. Kwenye taxi ya kurudi alikwenda kukaa mbele na dereva, nafasi karibu yangu ikabaki wazi.

Nilipofika chumbani kwangu Sydenham nililia. Nalia hata sasa, na shati sijavua.

Jumatatu, 14 Mei

Estella amekuja dukani. Wateja walikuwepo, hakujali.

"Wewe Vénérand, kichwa iko sawa kweli?"

Akataka kujua kwa nini nisingekata tu simu kama watu wengine. Watu wengine maana yake Cédric. Nikamweleza kwamba ile ni mbinu. Akanirushia simu yake. Ilinikosa, ikapiga ukuta, kioo kikasagika. Halafu akakaa kwenye kiti cha wateja akalia, na mimi nikasimama na bisibisi mkononi bila kujua niiweke wapi.

Alipotulia akaniambia mambo mawili. La kwanza, Cédric naye amepeleka barua Queensburgh, na baba mdogo atajibu mmoja wetu Jumatano ya wiki ijayo, saa sita. La pili, yeye mwenyewe amempigia mjomba magoti. Mjomba amekubali kunipigia tena Jumamosi asubuhi.

"Jibu ukweli, Véné. Yote. Ni hii nafasi moja tu, hakuna ingine."

Nikaapa. Nikaokota simu yake, nikamwambia nitaiwekea kioo kipya, bure, kwa mapenzi. Kioo chenyewe kinatoka Joburg. Kila siku nitakuwa naifuta vumbi.

Jumamosi, 19 Mei

Nimeoga saa kumi na mbili. Suruali ya Jumapili. Simu imejaa chaji. Mezani nimepanga cheti cha ubatizo, kibali cha ukimbizi, picha ya marehemu mama na kadi ya benki, ili lolote atakaloulizia liwe karibu.

Saa tatu kamili ikaita. Namba imefichwa. Sikuwa na wasiwasi, karani mkubwa haonyeshi namba yake ovyo. Sauti ya mwanamke, laini kama mafuta, kwa Kiingereza, akasema anataka kuhakiki habari zangu. Nikaelewa. Karani ana sekretari.

Nikampa ukweli. Ukweli mtupu! Jina, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, jina la mama kabla hajaolewa. Akaomba namba za kadi ya benki. Nikampa, mkwe hafichi uwezo wake. Akaomba zile tatu za nyuma. Nikampa. Akaomba namba ya siri. Hapo nilisita kidogo. Nikamkumbuka Estella: yote. Nikampa, nikairudia mara mbili asikosee kuandika.

Akauliza kama kuna jambo jingine. Wala hakulazimika kuuliza! Nikamweleza habari za Estella, kiganja mdomoni, shati la zambarau, sahani iliyovunjika Queensburgh, Cédric na gari lake. Nikamwambia nampenda kiasi cha kuogopa. Alisikiliza kila neno. Akasema nimemsaidia sana.

Dakika hamsini. Nimekaa hapa nimelegea kwa raha. Sikujua kwamba kusema kweli kunapumzisha mwili namna hii.

Jumatatu, 21 Mei

Akaunti imekauka.

Miaka miwili naweka mahari ya Estella humo. Hata ile bima ya mama mkwe imeshindwa kukata. Mwanamke wa benki aliniuliza kama nilimpa mtu namba ya siri. Nikamwambia nilimpa sekretari wa mjomba. Akaniangalia, akaenda kumwita mwenzake aje kusikia.

Yule mwenzake, mzee wa heshima, alinionya kama baba. Tangu leo sauti ya simu nisiiamini, hata ikinijua vipi. Wakishapata habari zako hurudi, hujifanya ndugu, hujifanya mchumba. Nisitoe chochote kabla hawajajithibitisha. Hata neno ndiyo nisilitoe, wanalirekodi. Kwa hilo la ndiyo hakuwa na haja ya kunifundisha. Nimeliandika kwa kalamu kwenye kiganja: USISEME NDIYO.

Mchana Pasta alipita dukani. Ameanza kunisemesha tena, maneno machache. Juvénal alinipigia Jumamosi mara tatu, kila mara laini ilikuwa na mtu. Amechoka. Amesema basi Estella aniulize mwenyewe, swali moja, atakachosikia kwangu ukoo utakubali.

Nimefurahi mpaka nimesahau benki! Swali moja, na jibu ninalo. Kesho sitoki dukani, hata kwa chakula. Atakuja.

Jumanne, 22 Mei

Hakuja. Inasemekana saluni ina maharusi wawili wa kusuka, bosi wao haruhusu mtu kutoka. Nimesubiri mpaka tukafunga. Nikatamani kumpigia, lakini simu yake ninayo mimi.

Jumatano, 23 Mei

Naandika ushindi, japo kuandika kwenyewe kunaniuma kiganja, nimekisugua na spiriti kutoa wino.

Saa tano na nusu ikaita. Namba ya Durban, siijui. Mwanamke. Akaniita Véné! Akasema yeye ni Estella, ameomba simu ya saluni.

Nilikaribia kucheka. Simu ya Estella ilikuwa hapa mbele yangu mezani, vipande vinne, inangoja kioo. Estella hana simu! Angepigaje?

Akaendelea. Akataja shati langu la zambarau. Akataja sahani. Akataja Cédric, eti ameshaegesha gari lake nje kwa Mzee Nimbona na baba mdogo anatazama saa. Yote hayo nilimwambia yule mama wa Jumamosi kwa mdomo wangu mwenyewe. Mzee wa benki alisema watarudi, na wamerudi. Na ile haraka! Wote huwa na haraka.

Akasema ana swali moja tu. Namtaka au simtaki. Nijibu ndiyo au hapana.

Nakiri, mwili wote ulitaka kujibu. Ile ndiyo ilishafika kwenye meno. Sauti ilikuwa yake kabisa, hata ile pumzi anayovuta kabla ya kusema jambo zito. Nikafungua kiganja, nikasoma. Nikaimeza. Nikamwomba kwa heshima ataje kwanza tarehe yake ya kuzaliwa na jina la mama yake.

"Véné, sema tu neno moja. Naomba."

Nikamwambia Vénérand hayupo, anaongea na Mzee Ezekieli.

Akalia, kile kilio cha siku ile kwenye kiti cha wateja, sikuona tofauti hata kidogo. Laini ikakatika. Wameendelea sana hawa watu!

Kioo kimefika saa nane. Nimekifunga taratibu, simu inawaka vizuri, picha zake zote zipo. Nikifunga duka nampelekea, nimweleze jinsi walivyotaka kuninasa kwa sauti yake na jinsi nilivyowashinda. Najua atakavyocheka, kiganja mdomoni.