Friji ya Okoth

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe. Soko zima la Uriri limeona.

Mke wangu ana kisukari. Zamani alikuwa msahaulifu kweli: ugali unaungua, mimi ananiita kwa jina la kaka yake. Tangu aanzishiwe insulini, kichwa kimekuwa wembe. Anakumbuka hata mbuzi niliyemwahidi mama yake (huyo mbuzi angesahaulika tu, hakuna ambaye angeumia). Daktari alisema sukari ikitulia, na akili hutulia. Mimi nikasema hapana, uchangamfu huu una mwanaume nyuma yake.

Maana kila siku kabla ya chai anajifunga leso, huyoo, kwa Okoth muuza soda. Okoth! Mgane, ana duka, anaimba kwaya, na meno yote bado anayo. Wivu ukaniingia.

Leo nikamfuata. Nikajibanza nyuma ya kreti. Nikamsikia akisema, "Asante Okoth, bila wewe sijui ningekuwa wapi."

Basi! Nikaingia na fimbo.

"Okoth! Unampa nini mke wangu kila asubuhi?"

Wateja wakageuka. Mke wangu amesimama kando ya friji, sindano mkononi. Okoth ameshika kichupa cha dawa.

"Omera, ndugu yangu," akasema polepole, "si ni wewe ulileta hii dawa? Ulisema kwako hakuna stima, nikuwekee kwa friji."

"Mimi? Lini?"

"Juzi juzi tu. Ulibeba ndani ya hiyo kofia umevaa."

Nikavua kofia nikaichungulia. (Sijui nilitafuta nini. Kofia haisemi.)

"Na ukanywa soda tatu hapo hapo," mama muuza dagaa za omena akadakia. "Ukasema una kiu haiishi!"

Mke wangu hakukasirika, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Akatoa kimashine chake cha kupimia sukari.

"Wuon Otieno," akasema, akiniita baba wa mwanetu, "leta kidole."

Nikakitoa mbele ya watu wote, fimbo bado kwapani. Kimashine kikalia. Okoth akachungulia namba ilivyopanda, akapiga mluzi.

"Kesho twende clinic," mke wangu akasema. "Sote wawili."

Okoth, kwa ule wema wake unaoudhi, ameshanitengea nafasi ya dawa yangu kwenye friji. Nimekubali, mradi iwe kando ya dawa ya mke wangu.

Haya, chekeni. Mimi nitasahau. Shida ni kwamba mke wangu hatasahau.