Dawa Yangu ya Kupe, Ubavu wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi 1997
Ambargo, hii marufuku ya biashara tuliyowekewa na majirani, imemaliza dawa ya kupe. Nimezunguka maduka yote ya mtaa wa Asiatique, apana! Na huko Ruziba, pembeni mwa mji, kumejaa ng'ombe waliokimbia vita pamoja na wenyewe, kupe mpaka masikioni. Nani atawaokoa? Mimi, Ilyasi! Nimechemsha tumbaku, oili chafu ya gari na soda ya kutengenezea sabuni. Sufuria imetoboka. Dawa ina nguvu hiyo! Mke wangu Sikuzani hakufurahi. Amesema mipango yangu imemchosha; huu ukishindwa, anarudi kwa mama yake Cibitoke. Namjua, hatanii.

Jumatano, 5 Machi
Kwenye bariyeri ya barabarani askari amenusa chupa yangu, akanirudishia upesi. Hata jeshi linaiogopa! Ruziba nimemkuta Muzee Astère. Ametoroka milimani na ng'ombe mmoja tu, Gaju, anayewapa wajukuu maziwa. Na nani amenitangulia? Massoudi, mshindani wangu wa siku zote, na dawa yake ya dukani aliyoificha tangu kabla ya ambargo. Majivuno matupu! Nikapendekeza tujaribu: yeye apulizie ubavu wa kulia, mimi wa kushoto. Mshindi atapulizia ng'ombe wote wa Ruziba. Muzee alisitasita, nikamwapia kwa Mungu. Gaju amenipiga teke. Hajasoma, tumsamehe.

Jumamosi, 8 Machi
Ushindi! Upande wa Massoudi kupe watatu bado wananing'inia. Upande wangu hata mmoja! Nywele pia, hata moja. Massoudi amecheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza kwamba kupe bila nywele hana pa kujificha, hiyo ni sayansi. Muzee Astère hakucheka. Aliutazama ule ubavu mwekundu, akasema polepole: "Ilyasi, Gaju hataki kuguswa. Watoto wamelala bila maziwa." Hapo niliona haya, kweli. Massoudi akampaka Gaju mawese, akapewa kazi yote. Mnafiki!

Jumatatu, 10 Machi
Sikuzani ameondoka, na sufuria zilizobaki. Nyumba imepoa. Nimelia kidogo, sikatai. Leo namfuata Cibitoke nikamwombe msamaha, kwa sababu bila yeye mimi si mtu. Lakini huwezi kusimama mbele ya mama mkwe na ndevu za wiki nzima, na nyembe nazo zimeadimika. Kumbe dawa ninayo ndani! Kosa langu lilikuwa kumpa ng'ombe. Nimepaka mashavu yote mawili tangu asubuhi. Inawasha. Dalili nzuri.